Kofia Namba Nne

Wanafunzi wangu wananiita Mama Breki, na si kwa mapenzi. Huu ni mwaka wa kumi na tisa nafundisha watu kuendesha pikipiki, na neno hilo limetoka kinywani mwangu mara nyingi kuliko salamu. Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Mwanafunzi akisema "nimeelewa" kabla sijamaliza kusema, namshusha pale pale, namkabidhi ufagio afagie uwanja wa mazoezi kutoka pembe hadi pembe, kisha namuuliza tena kama ameelewa. Wapo waliolia mbele yangu. Wapo wanaonisengenya hadi leo. Lakini kwa miaka kumi na minane na ushee sikuwahi kumzika mwanafunzi, na jambo hilo nilikuwa nalitangaza kila mahali bila haya.

Sasa nasimulia jinsi nilivyomzika mmoja, na nilichofanya baada ya hapo. Asiyetaka kunisikia na aishie hapa, sitanung'unika.

Shule yetu ni ndogo. Ina uwanja wa lami uliochorwa mistari, pikipiki tano, matairi chakavu ya kuzungukia, na ofisi ya chumba kimoja na nusu. Hiyo nusu ndiyo ya mwenye shule, anakunywa humo chai yake. Kwenye rafu ya ofisi kuna kofia ngumu sita, kila moja imeandikwa namba kisogoni kwa rangi nyeupe. Kila kofia ina kifaa cha bluetooth upande wa kushoto, kidogo kama kiberiti, na spika mbili nyembamba zimefichwa ndani ya sponji za masikio, na kipaza sauti mbele ya mdomo. Mwanafunzi akiingia barabarani namfuata nyuma kwa pikipiki yangu, na kila ninachosema anakisikia kana kwamba nimempakata.

Kazi ya kuviunganisha ni yangu kila asubuhi. Nakaa kwenye benchi na kofia mbili mapajani, yangu na ya mwanafunzi. Nabonyeza kitufe cha kati na kukishikilia mpaka taa iwake nyekundu na buluu kwa zamu, halafu nafanya vivyo hivyo kwenye kofia ya pili. Vinatafutana sekunde chache, kisha taa zote mbili zinatulia kwenye buluu. Navaa yangu, nasema "Moja," mwanafunzi anajibu "Mbili," na somo linaanza. Kitabu cha maelekezo kinaiita kazi hiyo kuoanisha. Mkunga alipolisikia neno hilo siku ya kwanza aliuliza mahari inalipwa na upande gani.

Huyo ndiye mwanafunzi wangu, Mkunga. Alikuwa anakaribia miaka hamsini, mnene kidogo, mwenye viganja vikubwa vyenye joto. Zahanati yake ilikuwa imepewa pikipiki ya kuwafuata wajawazito wasioweza kufika kwa miguu, na muuguzi aliyejua kuiendesha akahamishwa mwezi ule ule. Ikabaki inapata vumbi. Mkunga akasema kama mwanamke anaweza kuzaa, hashindwi kukanyaga gia. Alikuwa mzito wa kujifunza lakini akishika kitu hakiachi. Nikimfokea, anacheka ndani ya kipaza sauti. "Mwalimu," anasema, "kazi yangu ni kuwaambia watu wasukume. Wewe kutwa nzima unaniambia nizuie. Nipe muda nizoee." Ufagio sikuwahi kumpa, na wenzake walilalamika kwamba nina upendeleo. Walisema kweli.

Ukutani, juu ya ile rafu, kuna maandishi mekundu: KOFIA YA SHULE HAIUNGANISHWI NA SIMU YA MTU. Niliyaandika mimi, kwa mkono wangu, mwaka tulioleta vifaa hivyo. Sababu ni rahisi. Kifaa kile kinaweza kushikana na mwalimu na simu kwa wakati mmoja, lakini hakijui usawa. Simu ndiyo mke mkubwa. Ikiita tu, mwalimu anatolewa nje na mlango unafungwa, hata apige kelele za namna gani. Tena hakimngoji mtu abonyeze. Kimetengenezwa hivyo ili dereva asiondoe mkono kwenye usukani: simu ikiita mara mbili, kinapokea chenyewe.

Asubuhi ya somo lake la mwisho la barabarani, siku tatu kabla ya mtihani, Mkunga alikuja macho yamemvimba. Bintiye, mtoto wake wa pekee, alikuwa ameolewa mji wa mbali, na tangu jana yake alikuwa wodini na uchungu wa mimba ya kwanza. Mkunga aliniomba nimuunganishie simu kwenye kofia. Nikakataa. Nikamwonyesha ukuta. Nikamwambia kama roho yake iko kwingine arudi nyumbani, tutafanya kesho.

Hakubishana. Alikaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti. "Nikirudi nyumbani nitakaa nautazama ukuta," alisema. "Mwalimu, nimepokea watoto wa watu zaidi ya mia sita. Huyu mmoja siwezi kumpokea. Basi nisikie tu."

Mimi sikujaliwa mtoto. Nilijaribu, nikazunguka kwa madaktari, nikakata tamaa, na wenye midomo yao wakasema waliyosema. Sijawahi kuliongea jambo hilo shuleni. Lakini pale kwenye benchi liliniingia: nikimkatalia tena, mwanamke huyu ataona ni kijicho. Ndivyo nilivyowaza, na sioni faida ya kupamba. Sikumhurumia tu. Nilijali pia ataniona vipi.

Nikachukua simu yake. Nikashikilia kitufe cha kofia namba nne mpaka taa zikaanza kupokezana. Kwenye simu likatokea jina, KOFIA 4, nikaligusa, na sauti ya kike ndani ya kofia ikasema simu imeunganishwa. Nilijua kinapokea chenyewe. Nilijua pia kwamba ipo namna ya kukizuia, kwa vitufe viwili na mpangilio fulani ulioandikwa kwenye kitabu, na kitabu kilikuwa kabatini, na mwenye shule alikuwa hajafika na ufunguo. Nikajisemea, ah, ni saa moja tu. Nikamwambia, "Ikiita, usishtuke. Sogea pembeni, usimame, ndipo uongee."

"Nimeelewa," akasema. Nilikuwa nimemaliza kusema, kwa hiyo sikumpa ufagio.

Aliendesha vizuri siku ile kuliko siku zote. Alipita barabara ya sokoni bila kuyumba, akawapisha wavukao, akawasha kiashiria kabla sijamkumbusha. Tuliposhuka kuelekea njia panda ya chini nilikuwa nyuma yake hatua ishirini hivi. Nikamwambia, "Punguza. Gia ya pili." Akapunguza. Nikasema, "Vizuri. Sasa simama kwenye mstari."

Hakusimama. Nikarudia, nikapandisha sauti, "Simama. Breki. Breki!" Kichwa chake kilikuwa kimeinama kidogo upande mmoja, na alikuwa anakwenda polepole, mwendo wa mtu anayetembea, mikono yote miwili kwenye usukani. Akauvuka mstari. Nilipiga honi, lakini barabara ile kila mtu anapiga honi. Lori la mchanga lilikuwa linatoka kushoto, na dereva wake hakuwa na kosa lolote.

Yaliyofuata hapo hapo siyasimulii. Nilimshika mpaka walipokuja kumchukua. Simu ilikuwa mfukoni mwa koti lake, nzima, na kioo chake kinawaka. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi nilikuja kujua baadaye kwamba siku ile mjukuu alifika kweli, na majuto yangu yakamfuata nyuma.

Hospitalini walinikalisha kwenye korido na kofia namba nne mapajani. Hakuna aliyeniambia nifanye nilichofanya. Nilibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, nikahesabu mpaka kumi, taa ikawaka nyekundu moja ndefu, ikazima. Hiyo ndiyo njia ya kukifuta kifaa kisahau kila kilichowahi kuunganishwa nacho. Askari wa usalama barabarani alipokuja kukikagua alikuta kitupu. Mwenye shule akaandika taarifa: mwanafunzi hakutii amri ya kusimama. Nikatia saini. Hapakuwa na neno hata moja la uongo katika sentensi ile, na hilo lilinitosha.

Nilikwenda mazishini. Nilikaa nyuma. Mume wake alinifuata nilipokuwa nimesimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kumshikilia mke wake mpaka mwisho. Nikamwambia, "Pole sana." Nikala chakula chao cha msiba, nikarudi nyumbani.

Miezi miwili na siku kadhaa zilipita. Niliendelea kufundisha. Nilizidi kuwa mkali, wanafunzi wawili wakahama shule. Kofia namba nne niliisukuma mwisho wa rafu, na asubuhi nilipopangusa zile nyingine niliiruka.

Siku aliyokuja yule binti nilikuwa kwenye kazi hiyo hiyo, kitambaa mkononi. Alisimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Mimi ni binti wa Mkunga."

Hakuwa na haja ya kuniambia. Alikuwa na viganja vile vile. Nikampa kiti, akakataa, akasema mtoto akihisi amekaa anaamka. Alitoa simu kwenye mkoba, nikaitambua kabla hajaifungua: ya mama yake.

"Samahani kukusumbua kazini," alisema. "Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Nyumbani wanasema mimi ndiye niliyempigia mama akiwa barabarani. Ni kweli, nilimpigia. Sikujua yuko barabarani, alikuwa ameniambia nimpigie saa yoyote. Shangazi anasema mama aliachia usukani ashike simu. Alilisema siku ya msiba, mbele ya watu. Tangu niletwe hapa kulelewa uzazi, mimi na mtoto, baba anaitikia salamu yangu akiangalia kando. Hajanitukana. Anaondoka tu chumbani nikiingia."

Nilikuwa bado nimeshika kitambaa.

"Juzi nilitaka kuunganisha simu hii na redio, mtoto apate kulala. Nikafungua orodha ya bluetooth, nikakuta kitu kimoja tu." Akanionyesha kioo. KOFIA 4. "Mama aliwahi kunitumia picha, kageuza kisogo aringe na namba yake. Nikawaza labda ndiyo hii. Mwalimu, ulikuwa nyuma yake. Mama alishika simu mkononi?"

Kupitia mlango wa ile nusu ya chumba nilimwona mwenye shule. Alikuwa ameacha kukoroga chai.

"Sijui," nikasema. "Mambo yalikwenda haraka."

Yule binti akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Akasema asante. Akarekebisha kitenge cha mtoto, akageuka, kisha akasita mbele ya rafu. "Ndiyo ile pale?" Akaitazama namba nne. "Naweza kujaribu tu kama inashika? Nikijua ilishika siku ile, nitajua hakuwa na haja ya kuachia mkono."

Kabla sijajibu alikuwa ameichukua. Kuiwasha hakuhitaji kufundishwa. Alibonyeza kitufe, taa ya buluu ikameta. Akaligusa lile jina kwenye simu. Kioo kikazungusha kialama chake, kikakataa. Akagusa tena. Kikakataa tena.

"Haiijui simu," alisema. "Mbona simu inaikumbuka kofia, lakini kofia haiikumbuki simu?"

Ningeweza kusema betri. Ningeweza kusema vifaa hivi ni vya ovyo, kila mtu angeniamini. Nilitazama kidole chake kinagusa jina lile mara ya tatu, kwa upole, kama anagonga mlango wa watu waliolala, na nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

"Niliifuta," nikasema. "Siku ile ile, hospitalini. Mimi ndiye niliyeiunganisha asubuhi, na mimi ndiye niliyeifuta."

Mwenye shule alitoka na kikombe chake. "Wewe mama, fikiria unachosema. Unataka tufunge?"

"Nimefikiria miezi miwili," nikamwambia. "Rudi kwenye chai yako."

Nikamwambia binti aweke mtoto kwenye benchi, juu ya koti langu. Nikaliondoa jina lile kwenye simu, nikashikilia kitufe cha namba nne mpaka taa zikapokezana, nikaiunganisha upya, kisha nikaioanisha na kofia yangu. Alivaa. Kofia ilimkaa kama ilivyomkaa mama yake. Nikatembea mpaka mwisho wa uwanja, nikageuka, nikasema, "Moja." Nikamfundisha kujibu. "Mbili," akasema, sauti yake ikanijaa masikioni.

"Toa simu yako mwenyewe," nikamwambia. "Piga namba ya mama yako. Halafu usiguse kitu. Mikono yote miwili iache wazi mbele, nione."

Alipiga. Akaiweka simu yake benchini karibu na mtoto, akanyoosha mikono. Nami nikaanza kusema. Nilisema simama. Nilisema breki. Nilisema kwa sauti ile ile ya siku ile, mpaka wanafunzi waliokuwa kivulini karibu yangu wakainuka. Alikuwa ananitazama moja kwa moja usoni, umbali wa uwanja mmoja, na hakuna kilichobadilika machoni pake.

Nikarudi kwake. Akavua kofia.

"Ulianza kusema saa ngapi?" akauliza.

"Nimesema muda wote."

"Sijakusikia." Akaitazama mikono yake. "Na sijabonyeza chochote."

"Naye hakubonyeza. Hakuachia usukani. Huenda hata nilipomwambia apunguze hakunisikia, alipunguza kwa akili yake mwenyewe. Sheria iko pale ukutani na niliiandika mimi. Wewe ulimpigia mama yako, kama kila mtoto. Aliyeufungua mlango huo ni mimi."

Nilitegemea atalia, au atanipiga, na kofi nisingelikwepa. Alimchukua mtoto, akamrudisha mgongoni, akafunga kitenge taratibu, fundo la kwanza na la pili.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Basi twende ukaseme kwa baba. Nikisema mimi, wataona natafuta pa kuutua mzigo wangu."

Mwenye shule alisimama kwenye njia ya kutokea. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyeogopa. Nilimwomba karatasi. Nikaandika taarifa mpya, nikiwa nimesimama, mistari sita, nikasaini, nikamwachia nakala ya kumpelekea askari. Nikampa na funguo za pikipiki. Akazipokea, akanipisha.

Tulitembea kwa miguu. Binti alikuwa mbele, mimi nyuma. Nyumba yao ilikuwa na chumba cha mbele ambamo baba yake alifanyia kazi: fundi viatu, mtu mrefu mwembamba, ameketi kwenye kigoda kati ya soli zilizopangwa kwa ukubwa na makopo ya gundi. Kwenye dirisha dada yake, yule shangazi, alikuwa anakunja nguo. Nikapiga hodi ingawa mlango ulikuwa wazi.

"Karibu, mwalimu," baba akasema, akataka kuinuka. Alikuwa bado ananichukulia kama mtu wa heri. Akamwona binti nyuma ya bega langu, akarudi kwenye kiatu chake.

Sikukaa. Nilisema nikiwa nimesimama katikati ya viatu vya watu, na nilisema yote kwa mpangilio: benchi, ombi, ukuta, simu, kitabu kilichofungiwa kabatini, njia panda, korido ya hospitali, saini. Sikusema kwamba alinisihi sana. Nilikuwa nimeamua njiani kwamba hilo nisilibebe kama ngao.

Shangazi ndiye aliyeanza. Nguo ilimwanguka. "Na ulikuja msibani! Ukakaa na sisi, ukala na sisi, ukatupa mkono!"

"Ndiyo, dada."

"Huna haya!"

"Nilikuwa sina."

Baba alikuwa ameshika sindano ndani ya soli, hajaivuta. "Mikono yake," akasema. "Mikono yake ilikuwa wapi?"

"Yote miwili kwenye usukani, bwana. Mpaka mwisho. Aliushika kama nilivyomfundisha. Kosa halikuwa lake, wala la huyu."

Shangazi alitaka kusema tena, baba akainua kiganja. Kilikuwa na gundi iliyokauka, nyeusi kwenye kucha. Hakukishusha mpaka shangazi akainama kuokota nguo yake.

"Nilikushukuru," baba akaniambia.

"Ndiyo."

"Mbele ya watu wote nilikushukuru." Akaivuta sindano, uzi ukapita. "Sina la kukwambia leo. Labda sitakuwa nalo hata kesho. Lakini umekuja kwa miguu yako."

Halafu akamgeukia binti yake. Naamini ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi miwili, kwa sababu binti alirudi nyuma hatua moja, mgongo wake ukagusa mlango na mtoto akagutuka.

"Ulimwambia nini mama yako?" aliuliza. "Siku ile. Kwenye simu."

Binti alipapasa mgongoni, akaushika mguu wa mtoto. "Nilimwambia, mama, ni msichana. Tuko salama sote wawili."

"Akakusikia?"

"Alinisikia, baba. Alicheka. Alicheka sana mpaka nikamwambia taratibu, utaniamshia mtoto." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Halafu akasema nikuambie kitu."

Shangazi aliiweka nguo kando. Akaketi.

"Kitu gani?"

"Alisema, mwambie baba yako aache viatu vya watu, aje amwone mjukuu wake."

Baba alimtazama. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaondoka, baba. Kila nikiingia ulikuwa unaondoka."

Alikitazama kiatu alichokuwa nacho mapajani, cha mteja, soli nusu imeshonwa. Akakiweka chini. Akachukua kitambaa, akakilowesha, akaanza kujisugua gundi kwenye vidole, kimoja baada ya kingine, na kazi hiyo ikachukua muda mrefu kwa sababu hakutaka ibaki hata kidogo. Kisha akainuka kutoka kwenye kigoda, na binti akaanza kufungua fundo la kitenge.